Kumshika Mwenzako Kabla Hajatoka Getini

Mshahara ukishaingia na ruhusa ya Jumamosi ikishasainiwa, mengi yatakayomharibia askari kijana yameshaanza kupangwa, na wanaoyapanga ni watu wa rika lake. Twende wapi, nani analipa, tunarudi na usafiri gani. Sajini meja hayupo kwenye maongezi hayo, na akitokea yanakatika. Malezi ya rika kambini yanaanzia hapo: kumweka mtu mmoja mwenye akili ndani ya maongezi ambayo mkubwa hawezi kuingia.

Tunawaandikia makoplo, maluteni usu na viongozi wa hanga (bweni la askari) walioko Oljoro, Monduli na kambi za jirani. Hata wenzetu wa Chuo cha Polisi Moshi watakuta humu ya kwao, maana kijana wa miaka ishirini aliyepata mshahara wa kwanza ni yuleyule. Jeshi la Majini la Marekani lina utaratibu wa namna hii kwa mabaharia wa miaka 18 hadi 25, unaojulikana kwa kifupi CSADD, yaani muungano wa mabaharia dhidi ya maamuzi ya kujiharibia. Cha kuiga kwao ni mpangilio: vijana wenyewe wanaendesha, uongozi unawapa muda na kuwakingia kifua. Mengine ni ya kwao. Baharia wa bandarini na askari wa Oljoro hawanywi kitu kimoja wala hawakopi kwa mtu mmoja.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kuchagua walezi. Kamanda anaambiwa atoe majina, anatoa yale ya vijana safi, wasio na doa, na nusu yao hakuna anayeweza kuwaeleza jambo. Fanya hivi badala yake: gawa vikaratasi kwenye platuni, kila mtu aandike bila jina lake jibu la swali moja, "Ukipata shida saa nane usiku, utamwamsha nani?" Majina yanayojirudia ndiyo ya walezi. Kisha uyachuje. Anayekopesha wenzake kwa riba atoke, anayejulikana kwa bhangi atoke, na kamanda wa seksheni naye asimlee mtu wa seksheni yake, kwa sababu anayeandika taarifa ya nidhamu yangu siwezi kumwambia nina deni. Mlezi mzuri amemtangulia mwenzake kambini mwaka mmoja hadi mitatu. Akizidi hapo anageuka mzee wa kutoa mawaidha. Mpe watu watatu au wanne. Wakifika saba ataanza kuitisha mikutano, na malezi yameishia hapo. Askari wa kike wapige kura yao wenyewe.

Kosa la pili ndilo linaloua mipango mingi: mlezi kuonekana anachoma wenzake. Inatosha mara moja. Kamanda anauliza kwa nia njema kabisa, "Nani kwenye kundi lako ana shida ya pombe?", mlezi anataja jina, na kufikia jioni hanga zima linajua. Kuanzia hapo atasalimiwa vizuri na hataambiwa kitu. Kwa hiyo mipaka isemwe siku ya kwanza mbele ya wote, kamanda akiwepo na akikubali kwa mdomo wake: madeni, mapenzi, pombe ya nje ya kazi na ugomvi wa nyumbani vinabaki kwa mlezi. Havibaki mambo manne: mtu anayetaka kujidhuru, anayepanga kumdhuru mwingine, lolote linalogusa silaha au risasi, na udhalilishaji wa kingono au wa mtoto. Kijana ayajue haya kabla hajafungua mdomo. Ukimwambia "niambie chochote" halafu ukakimbia kwa afande, umemdanganya, hata kama ulikuwa sahihi kukimbia.

Kazi yenyewe haina ofisi. Ni dakika ishirini siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, mkiwa mnapiga pasi nguo za kiraia au mnang'arisha viatu. Mlezi anauliza mambo manne na anataka majibu yenye majina na tarakimu. Unakwenda wapi na nani? Umebeba shilingi ngapi na ngapi umeiacha? Unarudi na nini, saa ngapi? Mambo yakiharibika unampigia nani? Jibu la "tutaona" halikubaliki. "Tutaona" ndiyo inayomkuta mtu Kisongo saa saba usiku, daladala zimeisha, bodaboda mmoja ana abiria tayari na anamwambia panda mishikaki tu, ni hapo karibu. Nauli ya kurudi iwekwe mfuko mwingine au iachwe kwa asiyekunywa. Simu iwe na chaji na namba ya mlezi iwe imeandikwa pia kwenye karatasi, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuibwa.

Kwenye pombe, acheni mahubiri, leteni hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi. Mwili wa mtu mzima wa wastani huchoma gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna supu, kahawa wala maji ya baridi yanayouharakisha. Anayeanza saa mbili usiku akanywa tano ameingiza gramu 100. Kwa mwili unaochoma haraka, zinaisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwili unaochoma polepole, saa nne. Ndiyo kusema kwenye mchakamchaka wa alfajiri bado amelewa kiasi, ingawa amelala na anajiona mzima, na huyohuyo anaweza kuwa na zamu ya lindo akiwa na bunduki. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu bia tatu ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini tabia ya kumeza pombe kali harakaharaka haikuondoka navyo. Mbege ya Kibosho au Marangu haiandikwi nguvu yake popote. Ya jana na ya leo hazifanani, na anayehesabu vibuyu hajui anahesabu nini. Gongo tusiizungumze sana: mbali na kuwa haramu, inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua, na dalili zake huchelewa saa kadhaa. Mtu akilalamika anaona ukungu kesho yake, hiyo ni safari ya hospitali.

Sasa, kumtoa mtu baa. Ukisema "umelewa, twende" umempa sababu ya kuagiza nyingine. Usibishane naye mbele ya wasichana wala mbele ya wenyeji wa mtaa. Mwombe msaada: "Mwanangu, njaa inaniua, nisindikize tukale mishikaki." Mtu akishasimama na kutoka nje, nusu ya kazi imekwisha. Kama kuna ugomvi, mmoja amshughulikie mwenzenu na mwingine azungumze na upande wa pili kwa heshima, "samahani bro, tunaondoka naye." Wote wawili wakimvamia mwenzao, ugomvi unahamia kwenu. Na aliyezima haachwi peke yake "alale". Mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Zikiwa chini ya nane, au haamki ukimfinya, mpeleke hospitali, Mount Meru kama mko Arusha, Mawenzi au KCMC kama mko Moshi. Adhabu ya kesho ijadiliwe kesho.

Fedha ndiyo huwa chanzo cha mengine, na vijana huificha kuliko pombe. Hesabu ya kausha damu ifanywe kwa kalamu, mbele yake. Amekopa 200,000, anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 300,000. Yeye anaona riba ya laki moja. Mwonyeshe kwamba siku ya kumi ameshalipa laki moja, kwa hiyo pesa ya mkopeshaji imeanza kurudi zamani, ila riba anatozwa kana kwamba laki mbili zote anazo hadi siku ya mwisho. Mkopeshaji anayeomba kadi ya benki na namba ya siri ashike kama dhamana aachwe hapohapo. Huyo hakukopeshi, ananunua mshahara wako. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anapaswa kuwa na leseni, hata yule wa kwenye simu, na programu inayoomba kusoma orodha yako ya namba inataka watu wa kuwatumia ujumbe wa aibu ukichelewa, wakiwemo wakubwa zako.

Aliyekwishazama asaidiwe kupanga, asikopeshwe. Andikeni madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi, tarehe, riba. La riba kubwa lilipwe kwanza, mengine aombewe muda kwa ujumbe wa maandishi. Kama kikosi kina Saccos, mkopo mmoja wa riba nafuu wa kufuta yale mengine unaweza kufaa, kwa sharti kwamba programu zile zimefutwa kwenye simu siku hiyohiyo. Mlezi akitoa hela yake mfukoni, wiki ijayo atakuwa mdai, na mdaiwa humkwepa mdai wake.

Kubeti vilevile. Mkeka wa mechi kumi, hata kila timu ikiwa na uwezekano wa kushinda wa asilimia 60, unaingia mara 6 tu katika mikeka 1,000. Zidisha 0.6 kwa 0.6, uendelee hadi zitimie 0.6 kumi, kwenye kikokotoo cha simu yake, aone mwenyewe. Ule mkeka "uliochanika kwa mechi moja" haukukaribia chochote, ingawa ndio unaomrudisha.

Kuhusu ngono, kuna hesabu moja ya saa ambayo kila askari anapaswa kuijua kwa kichwa. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Tukio la Ijumaa saa tano usiku linafunga mlango Jumatatu saa tano usiku. Anayesema "nitakwenda zahanati ya kambi Jumatatu nikipata nafasi" anacheza na masaa ya mwisho. Jumamosi asubuhi aende kituo cha nje kama anaona haya ya kambini. Kondomu iliyokaa kwenye pochi miezi inasuguliwa na kupikwa na joto, na losheni au mafuta ya mgando huilainisha mpira ukapasuka.

Picha na mitandao tutaipita haraka: sare, silaha, geti na namba ya gari la kikosi havipandishwi mtandaoni. Januari 2018 ilibainika kuwa ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa inaonyesha njia za kukimbilia za askari ndani ya kambi za Marekani nchi za mbali. Anayerekodi mchakamchaka wake kwa saa ya mkononi azime kwanza kipengele cha mahali. Na mzigo wa mtu kwenye basi la Namanga, "nishikie tu, wewe askari hawatakukagua", haubebwi hata ukiwa wa binamu. Mirungi ikikamatwa kwenye begi lako, ni yako.

Lililo zito kuliko yote ni kijana anayeanza kugawa vitu vyake, kulala siku nzima, au kusema "mtapumzika na mimi karibuni". Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamwonyesha kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kuruka. Akisema ndiyo, usiondoke, hata kwenda chooni aende na mtu. Tuma mwingine kwa ofisa wa zamu ili aondolewe kwenye lindo la silaha usiku huohuo, kwa maneno mafupi tu, "hayuko sawa kiafya". Kisha mganga. Hapa siri haina nafasi, na ndiyo maana ilisemwa siku ya kwanza.

Walezi nao huchoka. Wakutane wao kwa wao mara moja kwa mwezi, saa moja, waeleze matukio bila kutaja majina. Kama kamanda anataka takwimu apewe idadi tu: wangapi walizungumziwa, kwa madeni, kwa pombe, kwa familia. Hakuna daftari lenye majina. Na kwa kuwa uhamisho wa jeshini haupigi hodi, kila mlezi awe na msaidizi anayejulikana na kundi tangu mwanzo, ambaye angalau mara mbili kwa mwezi ndiye anayeuliza yale maswali manne ya Ijumaa, ili siku mlezi akipakiwa kwenye lori la kwenda Songea, Jumamosi inayofuata kuwe na mtu anayejua nani ana deni kwa nani na nani hapaswi kutoka peke yake.