Mbwa wa mtaani ana kwao: ushauri kwa mfugaji na kwa jirani yake

Watu wakija ofisi ya serikali ya mtaa kulalamikia mbwa, ombi lao karibu kila mara ni moja: halmashauri ije iwaondoe hawa mbwa wasio na wenyewe. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu hapa Tanga, na nyumbani nafuga mbwa wawili, kwa hiyo malalamiko haya nayasikia nikiwa pande zote mbili za geti. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba mbwa asiye na mwenyewe kabisa ni nadra. Wengi tunaokutana nao barabarani saa kumi na moja alfajiri wana nyumba wanakolala, wana mtu anayewamwagia makombo ya ugali na dagaa jioni, na wana geti linaloachwa wazi kila usiku ili wakalinde huko nje. Watafiti wa kichaa cha mbwa waliofanya kazi nchini kwetu wamekuta hali hiyo hiyo: mbwa walio wengi wana kaya zao, ila hawafungwi.

Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Kama mbwa ana kwao, basi yupo mtu wa kuulizwa.

Kuna shauri moja tulilolisikiliza ofisini ambalo huwa nalitolea mfano. Mtoto wa darasa la pili aliumwa shavu la mguu akitoka madrasa. Mama yake alimleta akiwa amefungwa kipande cha khanga mguuni, na jirani aliyetajwa akaitwa. Akakana palepale: "Mwenyekiti, mbwa huyo mimi simjui, anapita tu." Mwenyekiti hakubishana naye. Aliuliza tu, "Jioni anakula wapi?" Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri barua zao wakaitaja nyumba moja, wote kwa pamoja. Yule bwana akainamisha kichwa. Baadaye aligharimia nauli na chanjo ya mtoto mpaka dozi ya mwisho, na mbwa akafungwa kwake. Tangu hapo kwenye mtaa wetu tunahesabu hivyo: anayemlisha ndiye mwenyewe. Si kifungu cha sheria, lakini kimetuondolea ubishi mwingi, na ninawashauri wajumbe wa mitaa mingine waanze na swali hilo.

Sheria yenyewe ipo, na wengi hawajui kwamba ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaohatarisha maisha au unaoweza kumdhuru mwenzake anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Wasomaji wa Kenya watakuta maneno karibu yale yale kwenye kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu yao, na wao wanayo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Kwetu kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomlinda mbwa naye asiteswe. Chini ya hizo zipo sheria ndogo za halmashauri, na hizi ndizo zinazokugusa kila siku: kama mbwa aruhusiwe kutoka bila kamba, kama asajiliwe, faini ni kiasi gani. Hazifanani. Za jiji si za wilaya ya jirani. Usitegemee ulichosikia kijiweni. Nenda kwa afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kata, omba kuisoma sheria ndogo inayohusu mifugo na wanyama, na uandike namba ya tangazo lake kwenye Gazeti la Serikali. Ukiwa na namba hiyo, mazungumzo na mtu yeyote yanakuwa mafupi.

Sasa kwa wewe unayefuga. Mbwa hatoroki kwa sababu ni mkaidi. Anatoka kwa sababu ana njaa, ana upweke, au kuna jike mwenye joto mtaa wa pili. Njaa ndiyo rahisi kutibu. Mlishe ndani ya uzio, saa ile ile kila siku, kabla giza halijaingia, na chombo cha maji kisikauke. Mbwa aliyeshiba hana haraka ya kwenda dampo au nyuma ya bucha kugombea mifupa, na ugomvi wa mifupa ndio unaowafanya wawe kundi. Jike akiingia kwenye joto mfungie ndani wiki tatu hivi, hata kama anabweka usiku kucha, maana ukimwachia utapata msururu wa madume getini kwako na watoto wa shule watashindwa kupita. Ukiweza, mhasi dume lako. Daktari wa mifugo anafanya kazi hiyo, na dume aliyehasiwa hazururi kama zamani na anatulia nyumbani.

Kuhusu kamba, nina maoni makali kidogo. Kumfunga mbwa kwenye mti kwa mnyororo wa mita moja kutwa nzima si kumdhibiti. Unamfundisha ukali tu. Anazungukazunguka mpaka mnyororo unaisha, anashindwa kufikia maji, kila anayepita anamrukia, na siku pini ikikatika anatoka na hasira ya miezi. Fanya hivi: simika nguzo mbili umbali wa hatua kumi au zaidi, vuta waya mnene kati yake juu ya kichwa chako, tia pete kwenye waya huo, kisha funga mnyororo mwepesi kwenye pete. Mbwa anatembea kwenda na kurudi, pete inateleza naye, kivuli anakifikia na maji anayafikia. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa muda mfupi. Usiku, kama uzio ni mzima, mwachie atembee ndani ya uwanja. Na ukague uzio kwa chini, si kwa juu. Mbwa wengi wa hapa kwetu hawaruki ukuta, wanachimba chini ya geti, hasa kwenye ardhi yetu ya kichanga. Zege nyembamba au safu ya matofali chini ya geti inamaliza kazi.

Ukitoka naye, kamba ya katani ni ya bei nafuu na Tanga haikosekani, lakini kwa mbwa haifai. Inasagika pale inapogusana na pete ya shingoni mpaka inakatika. Mbwa mwenyewe pia anaitafuna. Nunua mkanda wa nailoni uliofumwa, wenye kishikizo cha chuma kinachozunguka. Mkanda wa shingoni uwe na nafasi ya vidole viwili kupita, si zaidi, la sivyo akirudi kinyumenyume kichwa kinachomoka. Kamba usiizungushe kiganjani; akiona paka atakuvunja kidole. Shika kitanzi, na mkono wa pili ushike katikati ya kamba. Bodaboda inapokuja, simama, mvute mbwa upande wa ukuta, wewe ukae kati yake na barabara. Madereva wengi wameshakimbizwa na mbwa mpaka wakaanguka, na dereva mwenye hofu anayumba zaidi kuliko mbwa anavyoruka.

Kuna jambo ambalo mwenye mbwa asiye Mwislamu huenda asilione, nami naomba tulione wote. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, hutoka kila alfajiri na kanzu yake akiwa na udhu kwenda msikitini. Mbwa aliyeachwa wazi, hata awe mpole kiasi gani, anamsogelea kwa furaha na kugusisha pua yake yenye majimaji kwenye kanzu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi pwani yetu, mahali hapo paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee anarudi nyumbani, na swala ya jamaa imempita. Hakuna jeraha, hakuna daftari la hospitali litakaloandika tukio hilo, lakini amekosewa, na aliyemkosea ni mwenye geti. Mimi mbwa wangu hawafunguliwi kutoka nje ya uzio kwa sababu yoyote, na ukiniuliza ni sheria gani inayonifunga zaidi, nitakutajia kanzu ya mzee yule kabla ya kukutajia kifungu cha 233.

Kwa wewe unayesumbuliwa na mbwa wa jirani: nenda kwake kwanza, mchana, watu wakiwa wametulia, si usiku mbwa akiwa anabweka. Mwambie siku, saa na kilichotokea. "Jana saa moja jioni mbwa wako alimkimbiza binti yangu mpaka dukani" ni maneno yanayojibika. "Mbwa wako wanatusumbua" hayajibiki. Asiposikia, mpelekee balozi wa nyumba kumi, kisha mwenyekiti wa mtaa, na safari hii kwa maandishi. Baada ya hapo ni mtendaji na afisa mifugo, na kama mtu ameumizwa, polisi. Nimeona barua ya nusu ukurasa yenye tarehe ikifanya kazi ambayo kelele za miezi hazikuifanya.

Na sumu, hapana. Nyama yenye sumu haichagui mdomo. Inaokotwa na kuku, na paka, na mtoto anayetambaa. Inaua mbwa waliochanjwa, ambao ndio ngao yetu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa cha mbwa. Kinachomaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena kwa kurudia kila mwaka, kwa sababu watoto wa mbwa wanazaliwa bila kinga na mbwa wazee wanakufa na kinga yao. Ushahidi uko ng'ambo ya maji hapa, Pemba. Walichanja mbwa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ya maambukizi ilikuwa imekatika. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena, mara mbili, ukasambaa. Wakarudisha chanjo ya kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukamalizwa tena.

Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na duniani watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Ndiyo maana nasisitiza la kufanya ukiumwa kuliko mambo mengine yote niliyoandika hapa. Osha kidonda palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, si kwa kukisia. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, endelea. Usipake kitunguu, pilipili, mafuta ya breki wala majivu. Usikamue wala usikishone nyumbani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko mdogo au mbwa amelamba mahali palipochubuka. Chanjo inaanza mapema na inakamilishwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Kidonda kikubwa, hasa cha usoni au mkononi, kinahitaji pia sindano ya kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka jeraha. Uliza na ya pepopunda. Wengi huacha dozi za mwisho kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa, kirusi kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, na kinaweza kuchukua wiki au miezi.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa salama. Afungwe, aangaliwe siku 10, afisa mifugo apewe taarifa. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyouma. Akibadilika, akaanza kuuma vitu ovyo, kudondosha mate, taya kulegea, sauti kukwaruza au miguu ya nyuma kukosa nguvu, mpigie simu afisa mifugo na usimsogelee. Lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe. Yaanze leo, daktari ndiye atakayesema yasitishwe.

Watoto wafundishwe kusema. Wengi huficha kwa kuogopa kupigwa kwa kuwa walikuwa wakimchokoza mbwa, na anayeficha ndiye tunayempoteza. Mwanao akijua kwamba akisema ameumwa hatachapwa, atakuja mbio.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi hupanga chanjo karibu na siku hiyo. Ulizia kituo mapema. Mpeleke mbwa kwa kamba, apelekwe na mtu mzima anayemmudu, si mtoto wa miaka minane anayeburutwa njiani. Wapeleke na wadogo, hata wa chini ya miezi mitatu, usikubali kurudishwa nao bila kumuuliza mtaalamu. Kadi iandikwe rangi na alama za mbwa, tarehe na namba ya toleo la chanjo. Mimi za mbwa wangu naziweka kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto, ili siku mtu akigonga mlango akisema ameumwa, nisianze kuzitafuta.