Kizuizi cha gurudumu na mikanda ya kufungia pikipiki

SWALI: Mhariri, pikipiki yangu hukaa gereji kwa miezi kadhaa bila kutumika, na mara mojamoja huisafirisha kwa tela. Nimenunua kizuizi cha gurudumu, kile cha chuma ambacho tairi la mbele huingia likabanwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba pikipiki ikishaingia humo haihitaji kufungwa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa gerejini muuzaji hajakosea sana, lakini kwa safari amekupotosha. Kizuizi kizuri kina kitako kinachobembea: tairi likipanda, kitako huinamia mbele na kulishika tairi kwa nyuma, hata mtu mmoja aweze kushuka na kuuachia usukani. Hilo hutegemea kukirekebisha kulingana na kipenyo na upana wa tairi lako. Tikisa pikipiki kwa mkono. Tairi likicheza kushoto na kulia, kizuizi hakijakaa sawa. Hakikisha pia kwamba chuma chake hakigusi madigadi wala diski ya breki.

Kwenye tela, kazi ya kizuizi ni kulielekeza na kulituliza gurudumu. Uzito wa pikipiki tela linaporuka shimo hubebwa na mikanda. Kifunge kizuizi kwa bolti zinazopenya sakafu, zenye washa pana na nati kwa chini, kwa sababu skrubu za mbao hung'oka. Mikanda miwili ya mbele ishike sehemu ya chini ya usukani, juu ya shokapu, kupitia vitanzi vya kitambaa ili ndoano zisichubue rangi, kisha ivute kuelekea mbele na nje. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka shokapu zibonyee takriban nusu. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukizibonyeza hadi mwisho unazitesa sili zake, na ukiziacha bila kubonyea, mtikisiko mmoja huzishusha, mkanda ukalegea na ndoano ikachomoka. Mikanda miwili ya nyuma huzuia mkia usiteleze pembeni.

Kunja stendi ya pembeni, maana pikipiki inayovutwa chini juu ya stendi huweza kuipinda. Weka gia, funga koki ya mafuta kama ipo, na usimame baada ya kilomita chache uikague mikanda, kwani mipya hasa hulegea mapema.

Gerejini hali ni nyingine: usiikaze mikanda kwa miezi, kwa kuwa shokapu hazina sababu ya kukaa zimebanwa. Jaza upepo wa kutosha, na tairi la nyuma ulinyanyue kwa stendi au ulizungushe kidogo mara kwa mara lisibonyee upande mmoja. Siku ya kuitoa, ivute nyuma kwa nguvu ukiwa umeushika usukani barabara, kwa sababu kitako kikishaachia, hakuna tena kinachoisimamisha pikipiki isipokuwa mikono yako.