Mbona tuzo wanapewa wakishazeeka?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesoma kuna profesa kapewa tuzo ya mchango wa maisha kwenye uchumi wa kazi, inaitwa tuzo ya Jacob Mincer. Huyo Mincer ndo nani, na kwa nini wasiwape watu mapema wakiwa bado na nguvu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mincer alikua mchumi, alizaliwa Poland 1922, vita kuu ya pili ikamkuta kijana akaishia kambi za wafungwa, akatoka hai akaenda Marekani na baadae akawa profesa Chuo Kikuu cha Columbia. Ukiona mtu anasema eti kila mwaka wa shule unaongeza mshahara kwa asilimia kadhaa, basi ujue kaazima fomula ya Mincer, hata kama jina hajawahi kulisikia. Fomula inasema pia uzoefu unapandisha mshahara haraka mwanzoni halafu unapunguza kasi, na hilo yeyote aliyekaa kazini muda mrefu analijua.

Sasa uzoefu anaupataje? Anachukua umri, anatoa miaka ya shule, anatoa na 6 ya utoto, basi. Una miaka 30 umesoma 16, uzoefu wako 8. Ila kama 5 kati ya hiyo ulikua nyumbani unalea au unazunguka na bahasha, fomula haijui, inakuhesabia tu kana kwamba ulikua kazini! Kwa wanawake ndo inapotosha zaidi, na Mincer mwenyewe aliliona, 1974 yeye na Solomon Polachek wakaandika kuhusu mishahara ya wanawake wanaokatisha kazi kwa ajili ya familia.

Kuhusu uzee, wazo kama hili halipimwi kwa mwaka mmoja, lazima wengine walijaribu kwa data zao, wabishane, wakosoane, ndo ijulikane limesimama. Mincer alianza kuliandika 1958, tuzo ya IZA, taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa uchumi wa kazi, akaipata 2002 ana miaka 80, tena wa kwanza kabisa kuipata. Lakini kusubiri kuna gharama, hapo mi niko upande wako. Wachumi David Card na Alan Krueger walichunguza kima cha chini cha mshahara kwenye migahawa ya New Jersey na Pennsylvania huko Marekani, utafiti ukatoka 1994. Nobeli ya uchumi ikaja 2021 akaipokea Card bila mwenzake, Krueger alishafariki 2019 na marehemu hapewi.