Maswali na Majibu: Ufaransa Ndani ya Clair Obscur: Expedition 33

Je, mji wa Lumière ndio Paris?

Lumière, mji wa wahusika wa mchezo huu wa video, ni Paris iliyobuniwa upya, na Mnara wa Eiffel uliopindika juu ya mapaa yake unatosha kuthibitisha hilo. Swali lenye manufaa zaidi ni mnara wa kweli ulitoka wapi. Ulijengwa kati ya 1887 na 1889 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia yaliyoadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Wasanii na waandishi mashuhuri waliupinga hadharani, kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, na ulinusurika kubomolewa kwa sababu ulionekana kufaa kwa mawasiliano ya redio.

Watengenezaji ni Wajapani?

Hapana, ni Sandfall Interactive ya Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Swali hili limejibiwa hapa zaidi ya mara moja, nami nawaomba wasomaji wapitie majibu yaliyotangulia kabla ya kuandika. Kilichotoka Japani ni msukumo wa mfumo wake wa kupigana kwa zamu.

Wahusika kuvishwa fulana yenye mistari, bereti na mkate mrefu si kuwadhihaki Wafaransa?

Wafaransa wanajitania wenyewe, na kila kitu hapo kina asili yake. Fulana ya mistari iliwekwa rasmi katika sare ya mabaharia wa jeshi la majini mwaka 1858. Waigizaji wasiosema, ambao mchezaji hukutana nao kama maadui waliojificha, wana ukoo mrefu jukwaani: Jean-Gaspard Deburau aliwavuta watu wa Paris katika Théâtre des Funambules kwa uso uliopakwa rangi nyeupe, zaidi ya miaka 100 kabla ya Marcel Marceau, mwigizaji asiyesema aliyevuma karne ya 20.

Kwa nini watu wakubali kwenda katika msafara ambao hakuna anayerudi?

Katika mchezo, kila mwaka namba mpya huandikwa kwenye jiwe kubwa, wenye umri huo hutoweka wakigeuka petali za maua, na waliobakiwa na mwaka mmoja hujitolea kwenda kumkabili anayeiandika. Mimi naisoma hadithi hii kwa kuikumbuka Ufaransa ya 1914, ingawa mchezo hautamki hivyo. Vijana waliozaliwa mwaka mmoja waliitwa jeshini pamoja, rika baada ya rika, na tarehe 22 Agosti 1914 pekee waliuawa wanajeshi Wafaransa wapatao 27,000. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa imepoteza takriban wanajeshi milioni 1.4, na karibu kila kijiji kikajenga mnara wenye majina ya vijana wake. Anayeiona huzuni ya Lumière kuwa ya kubuni tu ayasome majina hayo, hasa pale jina moja la ukoo linapojirudia. Na wajihadhari wanaojifunza historia kwa video za dakika kumi zinazodai kwamba kila ua na kila taa katika mchezo ni fumbo la siri.

Kwa nini unaingiza ukoloni katika mchezo ambao hauutaji?

Kwa sababu umaridadi wa enzi ambayo mchezo umeiazima, yaani miongo iliyotangulia 1914, uliambatana na utawala juu ya watu wengine. Katika Maonyesho yale yale ya 1889, watu kutoka Senegal na makoloni mengine waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili wageni wawatazame. Miaka mitatu kabla ya hapo, Ufaransa ilikuwa imeviweka visiwa vya Komoro vya Ngazidja, Nzwani na Mwali chini ya ulinzi wake, na Mfaransa Léon Humblot akahodhi sehemu kubwa ya ardhi ya Ngazidja huku wenyeji wakifanya kazi katika mashamba yake. Naupenda mchezo huu kwa dhati. Siwezi, hata hivyo, kukubaliana na wasomaji wanaoniandikia kwamba wangetamani kuishi katika enzi hiyo, bila kujiuliza wangewekwa upande gani wa uzio.

Nicheze kwa sauti za Kiingereza au za Kifaransa?

Za Kifaransa. Majina ya wahusika Gustave, Maelle na Lune yalizaliwa katika lugha hiyo, na maandishi ya chini yatakusaidia usipoielewa.