Wadogo zangu mnaoandika kuhusu itikadi, tokeni kwanza kwenye Sura ya Pili, ile ya nadharia na mapitio ya maandishi

Nimemaliza kusoma mapendekezo ya utafiti ya msimu huu, na pembeni mwa kurasa nimeandika maoni yaleyale niliyoandika msimu uliopita. Mada zinabadilika, kosa ni lilelile. Mwanafunzi anataka kueleza jinsi Ujamaa ulivyoibadili jamii ya Tanzania. Anafungua Azimio la Arusha, anamnukuu Mwalimu Nyerere, anamnukuu tena, halafu anahitimisha kwamba jamii ilibadilika kwa sababu Mwalimu alisema itabadilika. Mada mliyochagua ni tamu kuliko nyingi za idara yetu, ndiyo maana inaniuma mkiiua mapema hivi. Haya hapa ni ya kujua kabla hamjamgongea msimamizi mlango.

1. Tarehe zikae sawa. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Waraka wa Ujamaa Vijijini ulitoka Septemba mwaka huohuo, na kuishi vijijini kukawa amri Novemba 1973. Kati ya hiari na amri kuna miaka sita, nanyi mnaifuta kwa sentensi moja: "Baada ya Azimio, wananchi walihamishiwa vijijini." Ukiifuta miaka hiyo huwezi kuieleza Ruvuma. Kule wakulima walikuwa wanaishi na kulima pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Litowa kikiwa kijiji chao mashuhuri, bila kusukumwa na mtu. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja wao, RDA (Ruvuma Development Association). Chama kilichotangaza ujamaa kikawavunja wajamaa waliojiunga kwa hiari yao! Mnatafuta tatizo la utafiti na hili limelala mlangoni: nani mwenye itikadi, chama au wanaoiishi?

2. Itikadi itafuteni kwenye nguo na kwenye mshahara. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze rasmi Januari 1969. Hakuna kifungu cha Azimio kinachotaja sketi. Basi ilifikaje huko? Nani aliamua kwamba goti la msichana ni suala la ukombozi wa taifa, na kwa nini walioandamwa zaidi mjini walikuwa wanawake? Mwandishi wa tasnifu akilijibu hilo vizuri, ameeleza namna itikadi inavyokuwa utamaduni kuliko kurasa kumi za kiunzi cha nadharia. Upande wa mfukoni kuna miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Na masikioni kulikuwa na ngonjera za Mathias Mnyampala, zilizokaririwa na watoto wa shule mbele ya wageni wa heshima. Mtoto aliyeghani vile mwaka 1970 leo ni babu, na beti bado anazijua. Mfuateni.

3. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Msiwaulize watu itikadi. Waulizeni nyumba, shamba, maji.

Nilimsimamia binti mmoja, makini kabisa, aliyekwenda kijijini na dodoso lenye swali hili: "Je, ulikubaliana na siasa ya Ujamaa na Kujitegemea? Ndiyo, Hapana, Sijui." Wazee karibu wote wakajibu Ndiyo. Akarudi na majedwali safi, asilimia zimepangwa, na Sura ya Nne nzima, ile ya matokeo, ikisema itikadi ilipokelewa vizuri na wananchi. Fikirini hali yenyewe. Mgeni amefika na barua ya wilaya. Mwenyekiti wa kijiji amekuja kumtambulisha, na bado ameketi palepale kwenye benchi. Sasa mzee anaulizwa kama aliikubali siasa ya Chama. Mlitaka ajibu nini?

Nilimwomba arudi bila dodoso, bila mwenyekiti, na swali moja tu: kabla ya Operesheni ya kuhamia vijijini, nyumba yenu ilikuwa wapi? Bibi mmoja aliyekuwa amejibu Ndiyo kila mahali aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akampeleka kwa miguu. Asubuhi karibu yote ilikwisha njiani. Akamwonyesha miembe iliyobaki yenyewe porini, palipokuwa na kisima, na makaburi ya wakwe zake. Akaeleza nyumba mpya zilivyopangwa mstari kando ya barabara, na jinsi alivyokuwa akitoka alfajiri kwenda kulima shamba la zamani kwa sababu udongo wa kijijini ulikuwa umechoka. Nyani na nguruwe walimaliza mahindi kule, maana hakukuwa tena na mtu wa kulala na kuyalinda. Mwaka ule walikula chakula cha msaada. Kisha, bila kuulizwa, akasema ni pale kwenye mstari ambapo binti yake alisoma mpaka darasa la saba, na pale ndipo yeye mwenyewe, mtu mzima, alipojifunza kuandika jina lake katika kisomo cha watu wazima. Kurudi kwenye miembe hakutaka.

Huyo tumweke kwenye kisanduku gani? Mwanafunzi wangu aliandika upya Sura ya Nne, muhula mzima, na siku nyingine machozi yalimtoka ofisini. Inaumiza kuona kazi ya miezi ikitupwa kwa sababu ya swali ambalo lingerekebishwa siku ya kwanza. Kwa hiyo rekebisheni siku ya kwanza, nawasihi.

Na pale wenyewe wametangulia mbele ya haki, kuna kumbukumbu za mahakama. Chukueni Ismani, Iringa. Wakulima wa kule walifungua mashamba makubwa ya mahindi kwa matrekta tangu miaka ya 1950, na lugha ya Azimio ikawakuta wako upande wa mabepari. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu alifika shambani kwa Said Mwamwindi. Wakazozana, Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la marehemu na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi. Alihukumiwa kunyongwa. Wapo wanaomwandika Mwamwindi kama shujaa na wapo wanaomwandika kama kabaila, na wote wameshaamua kabla ya kusoma. Ninyi someni kwanza: ardhi ilikuwa ya nani, ililimwaje, mwenye shamba alisemeshwaje mbele ya watu.

4. Magazeti ya zamani, Uhuru na Ngurumo, anzeni na barua za wasomaji na mashairi, tahariri baadaye.

5. Vukeni mpaka mara moja angalau. Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 mwaka 1965, nao ulijitangaza kuwa ni wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ukashauri fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, na kaskazini mwa nchi imeishi na uamuzi huo mpaka leo. Anayelinganisha majina ya itikadi atasema nchi hizi mbili zilikuwa ndugu. Fuata fedha ilikokwenda.

6. Tafadhali, mtu asiniandikie tena kwamba Ujamaa ulikufa mwaka 1985 Mwalimu alipong'atuka. Ibara ya 3 ya Katiba bado inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Miiko ya uongozi ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na kiongozi akaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Lakini msikilizeni mwananchi anapomwona kiongozi amejenga ghorofa. Sheria haimkatazi tena, na bado swali linalotoka ni lile la 1967: kaipata wapi? Kwa nini kipimo hicho kimedumu kuliko sera iliyokizaa, na kwa vijana waliozaliwa baada ya 1991 kimefika kwa njia ipi, nyumbani, shuleni au kwenye mikutano ya kampeni? Hapo sijaona tasnifu hata moja ya kuniridhisha. Anayeitaka mada hiyo aje nayo, hata kama Sura ya Pili haijakamilika.