Mwanangu, umeniuliza kuhusu bahasha

Mwanangu,

Huku hatujambo, ila mvua imechelewa. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unataka kugombea udiwani, na wenzako wanakwambia bila milioni kadhaa za wajumbe usijisumbue kuchukua fomu. Unaniuliza mimi, mjumbe wa miaka mingi ninayepiga kura za maoni za kumteua mgombea wa chama, kama ni kweli.

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Fomu haimfilisi mtu. Kinachomaliza fedha ni zile siku tatu nne kabla ya kura za maoni: nauli, "ya soda", bahasha ya usiku. Na ukitoa si kwamba umepata. Unaukumbuka ule msemo wa 2020, "wajumbe si watu wazuri"? Tanzania nzima ilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana najijua.

Sijawahi kukusimulia ya 2005. Usiku wa kuamkia kura za maoni tuliitwa kwa mzee mmoja hapa kijijini. Tukala pilau, kisha tukatolewa mmoja mmoja kwa mlango wa uani, kila mtu na khanga yake iliyokunjwa, ndani yake noti ya elfu tano. Wakati ule haikuitwa rushwa. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalikuwa yameruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida au wa jadi uliofanywa kwa nia njema. Neno zuri la watu wakalitwisha uchafu! Nani kwetu atakataa chakula cha mwenyeji? Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye nacho. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayogusa hata mchujo wa ndani ya vyama. Mlango wa mbele ukafungwa. Wa uani bado upo.

Basi mgombea wa khanga zile tulimpitisha, akashinda. Mwaka wa pili pampu ya kisima ikafa. Tukamfuata wanawake watatu, msemaji mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema taratibu: "Mama, mimi na nyie si tulishamalizana kule kwa mzee?"

Nilikosa jibu. Tulichota maji mtoni miezi saba.

Hilo ulijue kabla hujakopa. Sisi tulidhani tumekula pilau tu, kumbe tumeuza midomo. Na yeye wake alikuwa ameshauuza kabla yetu. Hakuwa mtu mbaya, nasema haki yake. Ila pilau ile alilipiwa na mkandarasi, na kalvati la njia ya shuleni lilipobomoka masika ya kwanza, hakuthubutu kumuuliza. Nilimwona siku ile amesimama pale kwenye shimo, mikono mfukoni, watoto wanaruka.

Wewe una mshahara na akiba yako ndogo. Ukiona haitoshi, usitafute wa kukujazia. Njoo kwanza ukae nyumbani, uzike na watu, upange foleni nao kisimani, wakujue. Unaweza kushindwa hata hivyo, tena na mtu wa hovyo.

Ukichukua fomu nijulishe tarehe. Mimi bado ni mjumbe. Usiniletee hata ya soda, wala usiniulize nitampigia nani.

Mama yako