Kabla Hujapanda Boti ya Mokowe

Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kuwa mwandishi. Nihamie Nairobi au nibaki Lamu?" Nimeshamjibu kwa simu, lakini wenye swali hili ni wengi.

Usihame bado; boti ya Mokowe, ya kuvukia bara, itakungoja. Wala usijifungie chumbani. Kuwa mtu wa mji kwanza.

Mimi sikuanza na riwaya. Nilianza na kumbukumbu za kamati ya wazazi, kisha mashairi ya harusi. Mtu akikujia na kusema, "Mwanangu aolewa Ijumaa, tutungie beti za kumuaga," huna nafasi ya kulalamika kwamba kichwa hakifunguki. Kina mama wataziimba usiku uo huo, na mizani ikipwaya, sauti zao zitakwama mbele ya wageni. Baadaye wavuvi waliokuwa wakidai fidia ya bandari mpya ya Lamu walihitaji watu wa kuwaandikia barua. Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua mwaka 2018 kwamba walipwe, nilifurahi kuliko siku nilipochapishwa gazetini. Barua zile ndizo zilizonifundisha kumwacha mtu aseme mwenyewe.

Hadithi zangu, msomaji wa kwanza ni shangazi. Namsomea jikoni akikuna nazi. Kisa kikimkolea, mbuzi hunyamaza, kifuu kimebaki mkononi. Nikianza kujishaua na maelezo ya machweo, nasikia tena krr, krr, kwa kasi. Ukurasa ule haufiki kesho. Shangazi hakusoma zaidi ya chuoni kwa mwalimu wa Qurani, lakini hajatokea mhariri aliyenifaa kumshinda.

Na wahariri nimewapitia. Mmoja wa Nairobi alinirudishia mswada akisema watu wangu "wanakaa barazani tu, hawafanyi kitu." Miaka imepita, bado linaniuma. Si barazani ndiko posa hujadiliwa na waliogombana wakapatanishwa? Hadithi ile ilikuja kusomwa redioni bila kupunguzwa baraza hata moja, na mzee mmoja wa Mkomani akanisimamisha kichochoroni, punda wa mchanga wakitusukuma ukutani, anibishie mwisho wake. Alinibishia mpaka adhana.

Jamaa nao wana gharama yao, sikufichi. Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wakijaa nyumbani, siandiki hata mstari. Natandika mikeka, napokea mizigo gatini. Na ukimwandika mpwa wako, hata umpe jina la Kichina, kabla ya alasiri mamake yuko mlangoni. Mimi huchanganya watu watatu nikapata mmoja, na aibu ya nyumbani haitoki bila idhini ya mwenyewe. Kuna wanaoniita mwoga. Waje wakae na majirani zangu kwanza.

Vijana, mnadhani kazi kubwa huandikwa mbali na kwenu. Mwana Kupona, mshairi wa pwani yetu, mwaka 1858 alikuwa mgonjwa nyumbani akimuusia binti yake kwa utendi. Hakuwaandikia maprofesa, na leo maprofesa ndio wanaomsoma. Nanyi andikieni watu mnaokula nao. Kina mama wakishaomba beti zako zirudiwe, hapo nenda Nairobi ukitaka, namba za watu nitakupa.

Halafu nimesikia kamati ya maji ya mtaa wenu haina katibu.